Wiki Moja Chomboni: Namna ya Kuzamia kwenye Papa, Matumbawe na Meli Zilizozama

Mtu akisikia unakwenda kulala baharini siku saba na kuzamia mara nne kwa siku, huuliza swali lile lile: "Na papa je?" Jibu langu halijabadilika. Papa sijapata kumkimbia. Ninayoiogopa ni siku ya nne. Siku ya kwanza umechangamka na vifaa unavikagua mara tatu tatu. Ya pili na ya tatu mwili unazoea. Ya nne inakukuta na nitrojeni iliyojilimbikiza mwilini (gesi ya hewani inayoweza kutoka kwa viputo na kukudhuru), usingizi wa mang'amung'amu, masikio yameanza kuwasha, na kichwa kinajiambia kwamba sasa unayajua yote. Hapo ndipo watu huruka majini na mtungi wa hewa haujafunguliwa. Karibu kila hatua iliyomo humu ni maandalizi ya siku hiyo.

Kabla hujalipa

Jipime kwanza. Cheti cha awali cha uzamiaji kinakufikisha mita 18, kinachofuata mita 30. Miamba ya bahari kuu huanza kunoga kwenye mita 20 hadi 30, tena mara nyingi kukiwa na mkondo, kwa hiyo mwenye cheti cha awali peke yake atashinda juu ya sitaha akiwatazama wenzake wakiruka. Kwingine ni sharti kabisa: kuzamia visiwa vya Brothers na mwamba wa Daedalus, katika Bahari ya Shamu upande wa Misri, unatakiwa uwe na mbizi 50 zilizoandikwa daftarini. Usilione sharti hilo kama usumbufu. Mkondo wa pale haumsubiri anayejifunza kusimama sawa majini.

Kama una zaidi ya miezi sita hujalowa, fanya mbizi mbili tatu za kujikumbusha kabla ya safari. Usingoje ufanye hivyo chomboni, siku ya kwanza, watu ishirini wakikusubiri.

Soma na kozi ya nitroksi, yaani hewa ya mtungi iliyoongezewa oksijeni. Hewa ya kawaida ina nitrojeni kama asilimia 79 na oksijeni 21. Nitroksi inayotumika sana chomboni ina oksijeni asilimia 32, maana yake nitrojeni inayoingia mwilini kwa kila pumzi ni kidogo zaidi. Ukizamia mara moja tofauti hutaiona. Ukizamia mara ishirini na nne kwa wiki, ni jambo kubwa. Ila ina masharti yake: oksijeni ikipumuliwa chini ya shinikizo kubwa hugeuka sumu, na mtu anaweza kupatwa na degedege akiwa majini. Kwa mchanganyiko wa asilimia 32 mpaka wako ni kama mita 34. Hii ndiyo sababu kila mtungi unapimwa na wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kabla ya kila mbizi, kisha unaandika asilimia na kina cha mwisho kwenye utepe uliobandikwa shingoni mwake. Mtu akikwambia "tumeshakupimia," mshukuru, halafu pima.

Kuchagua chombo

Watu huchagua kwa picha za chakula na beseni la maji moto lililoko juu ya sitaha. Mimi huanza na swali moja: usiku, watu wote wakiwa wamelala, nani anakesha?

Tarehe 2 Septemba 2019, karibu na kisiwa cha Santa Cruz huko California, chombo cha wazamiaji kiitwacho Conception kiliungua alfajiri na watu 34 waliokuwa wamelala chini wakafa. Uchunguzi ulionyesha hakukuwa na mtu wa zamu wa kuzunguka usiku, na kwamba njia zote mbili za kutoka vyumbani zilitokeza kwenye ukumbi ule ule uliokuwa unawaka. Hayo mawili yatoshe kukupa maswali ya kuuliza kabla hujatoa hela. Njia ya dharura ya vyumba vya chini inatokea wapi? Betri za tochi na kamera zinachajiwa wapi, na kuna mtu anayeziangalia? Ving'ora vya moshi vipo kila chumba? Oksijeni ya dharura iliyopo inatosha kumfikisha mgonjwa mpaka kwenye chemba ya mgandamizo (chumba cha kumtibu mzamiaji kwa shinikizo la hewa) iliyo karibu, au ni ya nusu saa tu? Kuna simu ya setilaiti? Boti za mpira ni ngapi? Ofisi inayokujibu kwa maneno ya mviringo imeshakujibu.

Ukishapanda, jioni ile ile ya kwanza, kabla hujafungua mkoba, nenda kwenye mlango wa dharura. Usitosheke kuonyeshwa kwa kidole. Fumba macho, papasa, ufungue, panda, tokea upande wa pili. Safari moja nilifanya hivyo nikaukuta mfuniko hausukumiki: juu yake palipangwa kreti za soda. Ziliondolewa kwa dakika tano, bila ugomvi, na baharia akanicheka kidogo. Kucheka si neno. Saa nane za usiku kwenye moshi zile kreti zisingekuwa na wa kuziondoa.

Jambo jingine ni mwezi. Kabla hujachagua wiki, angalia kalenda ya mwezi. Bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huleta mikondo mikali, na mikondo mikali huleta papa. Maji mafu, ya nusu mwezi, ni matulivu, yanamfaa mgeni na mpiga picha. Wengi huchagua tarehe kwa likizo ya kazini halafu hushangaa bahari imewapa kitu wasichokitarajia.

Mkoba

Chukua mkoba laini unaokunjika, maana chumba ni kidogo na sanduku gumu halina pa kukaa. Weka kompyuta yako ya kuzamia (ya mkononi, inayohesabu kina, muda na nitrojeni), boya la kuashiria la kujazwa hewa pamoja na kamba yake, filimbi, tochi mbili, barakoa ya akiba, mikanda ya barakoa na ya mapezi, ringi za mpira za mtungi, kipande cha mdomo cha akiba na vibano vya plastiki. Dawa ya kichefuchefu ijaribu nyumbani kwanza, kwa sababu nyingine huleta usingizi mzito, na usingizi mzito kwenye mita 25 hautakiwi. Bima iwe ya uzamiaji hasa, inayolipia chemba na usafiri wa dharura. Bima ya kawaida ya msafiri mara nyingi huwa na mstari mdogo mahali fulani unaoutoa uzamiaji nje.

Mwendo wa siku

Saa kumi na moja na nusu alfajiri kengele inalia. Chai, maelezo ya kiongozi, mnaruka saa kumi na mbili na ushei. Mnakula, mnalala. Mbizi ya pili karibu na saa nne na nusu, ya tatu baada ya chakula cha mchana, ya nne jioni au usiku pale inaporuhusiwa. Kwa siku moja inaonekana rahisi. Hesabu kwa siku sita.

Nitrojeni haitoki yote kati ya mbizi na mbizi. Inabaki kidogo, kesho inaongezewa, keshokutwa tena. Kompyuta inahesabu, lakini inahesabu mwili wa mfano. Haijui kwamba jana hukulala wala kwamba tangu asubuhi umekunywa kikombe kimoja cha maji. Kwa hiyo iweke kwenye kiwango cha tahadhari zaidi tangu siku ya kwanza. Mbizi ya kina kirefu iwe ya asubuhi. Panda taratibu, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, kisha simama mita 5 kwa dakika tatu, hata kama kompyuta haijakudai. Zile mita tano za mwisho ndizo watu huzikimbia kuliko zote, wakati ndiko shinikizo linakobadilika kwa kasi kuliko kokote.

Kunywa maji mpaka mkojo uwe mweupe. Pombe ingoje mbizi ya mwisho ya siku, na hata hapo kidogo. Kila ukitoka, suuza masikio kwa maji yasiyo na chumvi, yakaushe, halafu tia dawa ya kukausha, isipokuwa kama ngoma ya sikio imetoboka. Sikio la nje likishaoza siku ya tatu, safari yako imekwisha, na hakuna papa aliyekugusa.

Halafu ruka mbizi moja. Ndiyo, umeilipia. Mimi huruka ile ya mchana ya siku ya nne, naisema mapema kwa kiongozi ili nisishawishike, nalala saa mbili kivulini. Jioni ninaporudi majini nimekuwa mtu. Kuna wanaorudi nyumbani wakijigamba hawakukosa hata moja. Waulize walichokiona mbizi ya kumi na saba.

Na kila mara kabla ya kuruka, wewe na mwenza wako mkaguane kwa mikono, si kwa macho. Fungua mtungi wake, mwache avute pumzi nne kutoka kwenye regyuleta, kifaa cha kupumulia, huku anaitazama geji ya hewa. Sindano ikichezacheza anapovuta, mtungi umefunguliwa nusu. Hili nimelikuta mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa baada ya siku ya tatu.

Juu ya matumbawe

Ustadi unaolinda matumbawe ndio huo huo unaokupunguzia matumizi ya hewa: kukaa sawa majini bila kupanda wala kuzama. Wengi hubeba vipande vingi mno vya uzito vya risasi kiunoni, kisha hujaza hewa kwenye jaketi la kuelea kufidia, wakawa kama gari linaloendeshwa breki imekanyagwa. Jipime mwishoni mwa mbizi ya kwanza: mtungi ukiwa na bar 50 hivi (bar ni kipimo cha shinikizo la hewa), jaketi tupu, uwe unaweza kutulia kwenye mita 5 kwa pumzi ya kawaida. Ukizama, punguza kilo moja mchana, jaribu tena. Ikifika jioni ya siku ya pili uzito wako uwe umeujua, uuandike.

Lala mlalo, mikono kifuani, mapezi juu kuliko magoti. Teke la chura, lile la kufungua miguu pembeni, halirushi mchanga. Tumbawe lenye matawi linaweza kukua sentimita kadhaa kwa mwaka, lakini lile la mviringo kama jiwe mara nyingi halifikishi hata sentimita mbili. Pezi moja lililopotea njia linafuta kazi ya miaka mingi. Katika hifadhi nyingi glavu ni marufuku, na ni sheria ya busara, kwa sababu mwenye glavu hushika.

Utaona pia matumbawe meupe. Mweupe hajafa bado. Maji yakizidi joto tumbawe humfukuza mwani anayeishi ndani yake na kumlisha, ukabaki mwili angavu juu ya mifupa ya chokaa. Joto likishuka mapema hupona. Likikaa, hufa na kufunikwa na mwani wa kahawia. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza tukio la nne la dunia nzima la matumbawe kupauka, kwa hiyo usishangae mwamba ulioupenda kwenye picha za zamani ukiukuta vingine. Badala ya kujipaka mafuta ya jua kutwa nzima, vaa fulana ya mikono mirefu.

Kwenye mkondo, mara nyingi mtashuka bila hewa kwenye jaketi: mnajitupa kutoka boti ya mpira wote pamoja na kwenda chini moja kwa moja, mkutane kwenye mwamba. Ukichelewa juu sekunde thelathini kwa ajili ya barakoa, mwamba umeshakupita. Barakoa na masikio viwe tayari ukiwa botini. Mkondo ukikushinda usipigane nao: jitenge na mwamba, panda na mwenza wako taratibu, rusha boya kutoka chini, ngojeni boti. Ndiyo maana boya ni la kila mtu, si la kiongozi peke yake.

Kukaa na papa

Jua kwanza uliye naye, maana tabia zao hazifanani.

Papa wa kijivu wa miamba huzunguka ukingoni mkondo unapogonga, hana habari na wewe. Ila ukimbana kwenye kona atakuonya: mgongo unajikunja, mapezi ya kifuani yanashushwa, kuogelea kunakuwa kwa kuyumbayumba kupita kiasi. Hayo ni maneno. Rudi nyuma pole pole, umwachie njia ya kutokea.

Mbingusi, wale wenye kichwa kama nyundo, ni waoga wa kelele za viputo. Watu huvuka bahari mpaka kisiwa cha Cocos cha Costa Rica, au visiwa vya Darwin na Wolf huko Galapagos, kuwaona kwa makundi, halafu huwafukuza wenyewe kwa kuwafuata. Jibanze kwenye jiwe, pumua taratibu, subiri. Wakiamua kusogea watasogea.

Wa kuheshimiwa zaidi ni papa wa bahari kuu mwenye ncha nyeupe za mapezi. Anaishi kwenye maji yasiyo na chakula kingi, kwa hiyo kila kitu kinachoelea hukikagua. Katika Bahari ya Shamu hupenda kupita chini ya vyombo vilivyofunga kwenye mwamba, hasa miezi ya mwisho wa mwaka, maana yake utakutana naye pale pale unaposimama dakika zako tatu.

Nakumbuka mmoja. Nilikuwa kwenye mita sita, naangalia kompyuta, mwenzangu akanigusa bega. Aliingia kutoka kwenye buluu bila haraka, mapezi ya kifuani marefu kama mabawa, ncha zake kama zimechovywa chokaa, na visamaki vyenye mistari vikimtangulia mbele ya pua. Akapita kama mita nne. Akageuka, safari hii mita mbili. Jicho lake lilizunguka kunitazama. Hapo mwili wote unataka kwenda juu, na kwenda juu ndilo kosa, kwa sababu anayepapatika juu ya maji anafanana na kitu kinachokufa. Tulifanya tulivyofundishwa: tukasogeleana mgongo kwa mgongo, wima, mikono karibu na mwili, macho hayamwachii hata anapokwenda nyuma. Aliporudi mara ya tatu nikatanguliza kamera mbele yangu kama kibao. Akagusa, akaona ni kitu kigumu, akaenda zake. Tukapanda ngazi mmoja mmoja, upesi lakini bila kurusha miguu, aliyebaki chini akiendelea kumtazama.

Papa yule yule akizidi kurudi, kila mara karibu zaidi, mbizi imekwisha, msijadiliane. Na ukiona chombo chako au cha jirani kinamwaga mabaki ya jikoni majini, mwambie nahodha hapo hapo, na usiruke. Papa aliyezoezwa kwamba sauti ya boti ni chakula ndiye tatizo.

Meli zilizozama

Thistlegorm ndiyo inayowavuta wengi. Ilikuwa meli ya mizigo ya Uingereza, ikapigwa mabomu na ndege ya Kijerumani usiku wa tarehe 6 Oktoba 1941 kaskazini mwa Bahari ya Shamu, ikakaa wima kwenye mita 30 hivi. Pikipiki zimo bado kwenye ngama, tumbo la meli, zimepangwa juu ya malori, na viatu vya mpira vimetawanyika kama jana. Faida ya kulala chomboni inaonekana hapa kuliko popote: unazamia kabla jua halijapanda, boti za siku zikiwa bado njiani, na kwa saa moja mko peke yenu na makundi ya samaki.

Shuka kwa kamba iliyofungwa kwenye meli na upande kwa hiyo hiyo. Mkondo juu ya sitaha unaweza kubadilika mbizi ikiendelea. Zunguka nje kwanza mbizi nzima, ujue omo (mbele) iko wapi na tezi (nyuma) iko wapi. Mbizi ya pili ndiyo ya kuchungulia ndani.

Kuhusu kuingia nina msimamo mkali. Bila mafunzo ya meli zilizozama, ishia pale ambapo mwanga wa mlango unauona na unaweza kugeuka bila kugusa kitu. Ndani kuna kutu na tope laini lililotulia miaka. Teke moja, na chumba kinakuwa maziwa. Tochi haisaidii, ukuta hauonekani, na hakuna "juu" ya kukimbilia kwa sababu juu ni chuma. Aliyefundishwa huingia na kamba ya kurudia, tochi mbili au tatu, na hesabu ya theluthi: theluthi ya hewa ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi. Ukitoka na bar 200, kwenye 135 unageuza, hata kama chumba cha injini ni hatua tatu mbele.

Zipo meli ambazo kuingia ni marufuku. Yongala, iliyozama kwenye kimbunga pwani ya Queensland mwaka 1911 ikiwa na watu 122, unaitazama kwa nje tu. Nyingine kina chake ndicho kikomo: katika wangwa wa Chuuk, visiwa vya Mikronesia katika Pasifiki, ambako ndege za Marekani zilizamisha meli nyingi za Kijapani tarehe 17 na 18 Februari 1944, baadhi zimelala chini kabisa ya mita 40, na huko nitrojeni inalewesha kama gongo, unajiona hodari huku geji huisomi. Popote uwapo, usichukue kitu, hata kipande cha kikombe. Tisa walikufa kwenye Thistlegorm. Chuuk mifupa imeonekana. Mahali hapo ni makaburi.

Siku ya mwisho

Ndege ya abiria hupunguza shinikizo la hewa ndani kama vile umepanda mlima wa mita 2,000 na kitu, na nitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kutoka kwa viputo kama soda inapofunguliwa. Baada ya siku nyingi za kuzamia pendekezo la kawaida ni kungoja angalau saa 18. Vyombo vingi huweka 24, nami nazifuata hizo 24. Barabara ya kupanda milimani nayo ihesabiwe kama ndege.

Saa hizo jiangalie, umwangalie na mwenzako. Maumivu ya bega au goti yasiyo na sababu, ganzi vidoleni, vipele vya madoamadoa, kizunguzungu, uchovu usiolingana na kazi uliyofanya, mkojo kukataa kutoka. Kila mgonjwa niliyemwona alianza kwa kusema amelalia bega vibaya. Usibishane naye: mpe oksijeni safi kwa barakoa, mlaze, mpe maji ya kunywa kama yuko macho, pigia simu namba ya dharura iliyo kwenye kadi ya bima yake, na kompyuta yake iende naye hospitali ili daktari asome mbizi zote. Asirudishwe majini "ajitibu". Maumivu yakipungua kwa oksijeni, bado anakwenda kwenye chemba.